Masizi Yanayotembea

Kiwanja nambari kumi na saba, nyuma ya reli, Łódź.
Bogumiła aliniachia ufunguo,
jembe lenye mpini uliofungwa utepe,
na mistari minne ya maharagwe mapana.
Mimi dereva wa tramu, miaka thelathini na mmoja:
najua breki, sijui jani.

Mwanzoni nilidhani ni masizi.
Vilele vyote vyeusi, kama vimepitishwa dohani.
Nikagusa. Masizi yakatembea.

Vidukari. Wamebanana bega kwa bega,
kila mmoja na mrija wake ndani ya shina,
wananyonya utomvu bila pupa,
kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.
Majani yamekunja ngumi, yananata.
Sisimizi wanapanda, wanashuka,
wanawapapasa migongo, wanakamua tone tamu.

Hapo nikawaona wale wengine:
wa kijivu, madoa ya chungwa, miguu sita,
mamba wasiozidi ukucha.
Usilolijua ni usiku wa giza,
nami nilikuwa na mchana mweupe na dole gumba.
Niliponda ishirini na watatu.
Nilihesabu.

Wacław alinitazama juu ya uzio, chai mkononi.
Hakucheka. Heri angecheka.
“Hao ni watoto wa yule mwekundu mwenye madoa,
yule unayempuliza kidoleni aruke.
Walikuwa mezani, Ignacy.
Walikuwa wanakulia adui yako.”

Nikapindua ndoo, nikaikalia.
Treni ya saa kumi na moja ikapita, sikuitazama.

Jioni nilikata vilele, urefu wa vidole vinne,
kama alivyokuwa akifanya yeye kila Juni
nami nikimwambia, mama wee, unaharibu.
Vilivyobaki nikaviosha kwa maji ya sabuni,
juu ya jani, na zaidi chini ya jani,
maana huko ndiko wanakojificha wenye shughuli.
Chupa ya sumu niliiacha rafuni:
nyuki walikuwa bado wako kwenye maua,
na mimi kwa siku ile nilikwisha kuua vya kutosha.

Kwenye mmea wa mwisho, karibu na bomba,
nikakuta mayai ya manjano, kumi na mawili,
yamesimama wima kama abiria waliokosa viti.
Jani hilo sikulipiga sabuni.
Nililifunga uzi mwekundu
kutoka kikapu chake cha kushonea,
mkono wangu usije ukasahau.

Wacław anasema siku nne, labda tano, kukiwa na joto.
Ndoo ya kukalia ninayo.