Hodi ya Kimoyomoyo

Dundee, muhula wa kwanza, mvua inapiga ubavuni.
Ofisi yake ghorofa ya tatu,
mlango umewekewa tofali usijifunge.
"Uko wazi daima," alisema Daktari Ishbel Rennie,
akarudi kwenye hadubini.

Nilikolelewa mimi, mlango wazi si mwaliko.
Hubishwa hodi, hungojewa karibu,
na hodi ya tatu isipojibiwa
mtu hugeuza miguu, akarudi kwao.

Basi nikabisha kimoyomoyo
wiki saba.

Nilimwagilia shayiri kwenye banda la vioo,
miche mia na ishirini,
nisijue kama aliitaka yote
au alitaka nianze na kumi, nione.
Niliitafuta shikamoo katika Kiingereza, sikuipata;
nikaandika Mheshimiwa, nikafuta,
nikaandika tena.
Barua haikwenda.

Kimya chake nilikiita hasira.
Changu, kumbe, alikiita ustadi.

Novemba ubwiri unga ukapanda majani,
mweupe, kama mtu aliyekung'uta kiroba cha ngano.
Nikaingia na chungu mkononi, bila hodi.
"Uliuona lini?"
"Jumanne."
"Jumanne ipi, Zamzam?"
Nikautazama udongo.
Akavua miwani. Hakucheka.
"Mimi naogopa kumbana mtu.
Aliyenisimamia alinibana hata nikaacha kula."

Akachukua risiti ya mkahawa, akaigeuza,
akaandika: Jumatano, saa nne.
Nikauliza, saa nne kwa hesabu ya nani?
Kwetu hiyo ni saa kumi, jua limeinama.
"Hapa litakuwa limeshazama," akasema,
akachora jua dogo, akalikata mstari.

Tukaandika hadi karatasi ikaisha nafasi:
rasimu isomwe ndani ya siku kumi;
habari mbaya isilale;
barua ya usiku wa manane haidai jibu usiku;
jina la nani litangulie, lisemwe kabla ya mavuno.
Nikaongeza, kwa herufi za kubanana:
*nikisema ndiyo, niulize tena,
ndiyo yangu ya kwanza ni adabu tu.*
Naye, pembeni kabisa:
*nikisema si mbaya, nimekusifu.*

Niliibandika juu ya meza yangu ya maabara
kwa kibandiko cha mche uliokufa, namba 61.

Januari rasimu yangu ililala kwake
siku ishirini na mbili.
Ya ishirini na tatu nikaibandua risiti,
nikapanda ngazi, moyo unanitangulia,
nikalipita tofali,
nikamwekea mezani, mbele ya chai yake,
kidole changu juu ya neno *kumi*.

Akasoma. Masikio yakamwiva.
Nje theluji ilikuwa inajaribu kuanguka na kughairi.

"Si mbaya," akasema.