Kuuma Bisibisi

Ulianzia njia ya Nebbi, kwenye mwinuko baada ya daraja,
uzi mwembamba wa sauti, nnnnn,
kama mbu aliyefungiwa ndani ya gitaa.
Nikakanyaga mafuta, ukapanda.
Nikaachia, ukashuka.
Nikafungua redio. Ukaingia na redioni.

Hii ni Korona ya mwaka tisini na mbili,
jina ililipata kabla ya ule ugonjwa.
Imebeba mihogo, maiti mmoja, maharusi wawili
na madaftari ya hesabu ya kidato cha pili
yenye majibu ambayo hata injini iliyaonea aibu.

Kila mtu Arua ni fundi wa gari la mwenzake.
Shemeji Drani: giaboksi hiyo, imekwisha.
Kijana wa petroli: tia dawa, chupa elfu thelathini.
Jirani Candiru hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria:
uza.

Wiki tatu nimeendesha nikiwa nimekaza meno.

Ondoma wa Oli anasikia kwa sikio moja.
La kushoto alilisahau kwenye mashine ya kusaga,
ujana wake wote, unga na kelele.
Nikawaza: nimempelekea kiziwi sauti.
Lakini yeye ndiye wa kwanza aliyeuliza kabla ya kujibu.
Inalia ukiwa umesimama?
Inalia ukikata kona?
Asubuhi ya baridi, au hata mchana?
Nikajikuta najieleza kama mama aliyeleta mtoto wa homa.

Akazungusha usukani, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho.
Sauti ileile. Pampu akaisamehe.
Akaunyunyizia mkanda maji kwa kifuniko cha chupa.
Sauti ileile. Akanywa yaliyobaki.
Akauvua mkanda, akawasha injini kwa pumzi chache tu:
kimya,
kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani akitembea juu ya mabati.
Akaurudisha. Nnnnn.

Miaka kumi na tisa nafundisha milinganyo,
toa hiki, toa kile, kitabaki kisichojulikana,
na sikuwahi kuiona ikifanywa na mtu mwenye grisi viwikoni.

Kisha akachukua bisibisi ndefu,
ncha akaigusisha kwenye mgongo wa altaneta,
mpini akauuma.
Akafumba macho.
Sauti ikapita chuma, ikapita magego,
ikapanda mfupa wa taya hadi mahali
ambapo sikio halina kazi.

"Njoo uume, mwalimu."

Mimi, naibu mwalimu mkuu,
mbele ya vijana wawili wa kuziba pancha,
nikapangusa mpini kwa kanga, nikauma.
Haukuwa mluzi tena. Ilikuwa kokoto.
Gololi ndogo zilizokaukiwa,
zikisagana gizani, zamu kwa zamu,
zikilalamika kwa adabu tangu mvua za Machi
huku mimi nikiongeza sauti ya redio.

Beringi mpya ilikuwa elfu kumi na nane.
Jiriwa, nyundo, kipande cha bomba la maji,
tusi moja la Kilugbara ambalo sitalitafsiri,
na ile kuukuu ikatoka, ikadondoka kiganjani mwangu, ya moto bado.
Nikaizungusha kwa kidole. Ikakwaruza.
Nimeiweka mezani, inabana karatasi za mtihani.

Drani amesikia. Anasema bado ni giaboksi.

Jioni nikarudi kwa njia ya Mvara, madirisha wazi,
injini ikinong'ona kama mtu anayehesabu pesa zake.
Nikaanza hata kuimba.
Ndipo nyuma, karibu na mlango wa kushoto:
tk.
Tk, tk.

Nikazima redio.
Nikapunguza mwendo, nikakata kona taratibu,
nikakata na nyingine ambayo si ya kwenda kwangu.