Mchumia Mawinguni

Winnipeg, Januari. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndege ya saa kumi na mbili na dakika arobaini
imekuwa ya saa tatu,
kisha ya saa saba kasorobo,
kisha ubao umebaki na neno moja tu, Subiri,
kama mzazi aliyechoka kuulizwa.

Mimi, Orest Hnatiuk, nauza vifaa vya kusikia.
Nimewarudishia wazee wa Regina sauti za wajukuu wao,
na wa Thunder Bay mlio wa birika.
Lakini kipaza sauti cha lango la kumi na nne
kinakohoa, kinanguruma, kinanyamaza,
nasi watu mia na ishirini tunatazamana:
Kasema nini?
Hakuna ajuaye. Hata mimi, mwenye sanduku zima la masikio.

Kwanza ilikuwa barafu kwenye mbawa.
Likaja gari, ikaogeshwa ndege kwa maji ya kijani,
ikafuka mvuke kama ng'ombe alfajiri.
Kisha rubani, saa zake za kazi zimekwisha.
Kisha rubani mwingine yumo njiani, naye
amekwama kwenye ndege iliyochelewa.

Nimepewa vocha ya chakula, dola kumi na mbili.
Mkate wenye nyama ya bata mzinga ni kumi na nne na nusu.
Subira huvuta heri; yangu imevuta
dola mbili na nusu kutoka mfukoni mwangu.

Basi nikawapigia wale wa maili.
Miaka kumi na tisa, Jumatatu kwa Jumatatu,
haba na haba, kibaba kimejaa:
maili laki mbili na elfu kumi na sita,
kila moja nimeilipia kwa magoti yaliyobanwa,
kwa keki za Daria zilizokatwa mimi nikiwa kwenye simu.
Lesia wangu anataka Lisbon. Hataki makubwa.
Anataka kuketi penye jua, ale samaki wa kuchoma,
wiki moja asilione koleo la theluji.

Dakika hamsini za kinanda. Simu yako ni muhimu kwetu.
Kisha Marivic, yuko Cebu,
kule tayari ni kesho, saa nane za usiku.
Machi? Tarehe zimefungwa.
Mei? Viti vya tuzo vimekwisha.
Septemba? Kipo, kupitia Frankfurt, kisha Oslo.
Kimoja? nikasema.
Kimoja, akasema.
Na kodi, na ada ya mafuta, na ada ya kupiga simu hii.
Na mwisho wa mwezi, bwana, elfu arobaini na moja zinakufa.

Zinakufa. Sikujua zilikuwa hai.

Mchumia juani hulia kivulini.
Mimi niliyechumia mawinguni
nitalia wapi?

Hilo sikumwuliza. Nilimwuliza
yeye amewahi kuruka kwenda wapi.
Kimya. Kisha, kwa sauti isiyo ya kazini:
Mimi kichwa huniuma hata kwenye lifti.
Tukacheka, mpaka mama mwenye mtoto akanigeukia.

Sauti ya kazini ikarudi. Ziko bidhaa, bwana.
Kwa hizo elfu arobaini na moja kuna kibaniko cha mkate,
vipande vinne kwa mara moja, rangi ya fedha.

Nikatazama dirishani. Ndege yetu
ilikuwa imeanza kuvaa theluji upya.
Kitakuja kwa ndege?
La, bwana. Kwa lori.

Basi nipe hicho.