Koti la Roketi

Treni ilitushusha alfajiri,
upepo wa nyika ukitupekua mifukoni kama askari.
Mama, miaka sabini na tatu, alivaa buti za marehemu baba,
na kwapani mkate wa kukaanga ndani ya kitambaa,
maana, alisema, makumbusho hayapiki.

Mlangoni kijana Beksultan alitukatia tikiti huku akipiga miayo.
Wastaafu nusu bei. Mama akalipa bei kamili,
akamwambia, "Mimi nilistaafishwa. Sikustaafu."

Chombo kilichorudi kutoka angani kimekalishwa juu ya mchanga,
ubavu umeungua mithili ya ukoko wa sufuria iliyosahauliwa.
Akakizunguka mara mbili.
"Aliyekuwa humu alikunja magoti
kama mtoto wa tumboni."
Wanafunzi wakacheka. Mwalimu wao hakucheka.

Kabati la vioo: kijiko chenye kamba,
tyubu ya supu, saa ya mkononi iliyokwama saa nne na dakika saba,
majina ya wahandisi kwa herufi za shaba.
Nikawa natafuta, kimyakimya, kitu chake.

Miaka kumi na tisa alishona katika karakana namba sita
makoti ya roketi: turubai, pamba, turubai,
kichwa chake kisigande usiku wa Januari
ikingojea kuondoka.
Saa ya safari ikikaribia, koti huvuliwa.
Koti haliendi popote.

"Asiyekuwepo na lake halipo," nikasema, nikidhani namtania.
Hakujibu. Alikuwa ameliona dirisha.

Dirisha la mwisho, karibu na choo,
kioo kimepasuka na pesa za kukibadilisha hazijafika,
mtu alikuwa amelitundika pale kuziba upepo:
la kijivu, limefubaa, lina doa la chai.
Mama akavua glavu.
Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole,
kama anayesoma barua ya mtu waliyegombana.

"Hapa uzi ulikatika. Siku hiyo wewe ulikuwa na surua,
nikakimbilia nyumbani, Raikhan akanimalizia.
Ona mishono ya Raikhan. Meno ya ngamia."

Beksultan akaja mbio: "Bibi, hairuhusiwi kugusa!"
Kisha akaona kinachoguswa.
"Aa. Hilo si la maonyesho."
"Najua," akasema mama. "Hilo linafanya kazi."
Akachomoa sindano iliyokuwa ukosini mwake tangu sijui lini,
akaomba kiti.
Beksultan ndiye aliyekishika kiti kisiyumbe,
huku wanafunzi wakiacha vyombo vya angani
na kuja kumtazama kikongwe akirudishia pindo la pazia.
Alipomaliza akafumua kidogo mishono ya Raikhan,
akaghairi, akaiacha.

Usiku tulisimama nyikani pamoja na wengine,
kando ya gari la Omirzak, fundi bomba wa zamani.
Baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kule mbali, ndani ya taa, roketi imesimama wima,
sindano iliyochomekwa kwenye shuka.

Redio ya Omirzak ilianza kuhesabu.
Mama akanivuta mkono.
"Wamelivua?"
"Nini?"
"Koti."
"Wamelivua, mama. Saa nyingi."
"Mapema mno," akasema. "Daima huwa wanalivua mapema mno."

Mwanga ulifika kwanza, bila sauti,
tukaonana nyuso, hata makunyanzi, hata kamasi.
Ngurumo ikaja baadaye, ikipandia nyayoni,
na milango ya gari ikatetemeka kama vikombe kabatini.
Watu wakashangilia. Mbwa wa mtu akajificha chini ya trela.
Mama alikodoa macho hadi ile nyota ikawa nyota tu,
mojawapo, huwezi kuapa ipi.

"Haya," akasema. "Sasa imepata joto."

Omirzak akauliza kama kuna chochote cha kula.
Mkate ulikuwepo, umeganda kama tofali.
Akafungua boneti, tukauweka juu ya injini,
tukausimamia sote watatu, mikono imenyooshwa.