Kuchekecha Unga

Mtaa wetu ulipewa jina na kinu.
Unga Limited: ngano iliingia kwa magunia,
ikatoka nyeupe, laini, halali,
na baba alirudi jioni kope zimeota mvi
ambazo mama alizifuta kwa ncha ya kanga.
Neno hilo tulilijua kama chakula.
Tulilitamka bila kushusha sauti.

Mbonea ndiye aliyelibadilisha.
Alianza kwa kukawia chooni.
Kisha kujikuna, kusinzia amesimama,
ameegemea ukuta ambao sisi hatuuoni.
Kijiko kikaungua chini. Mama akakisugua kwa majivu,
akasema ni moshi wa jiko la mchina.

Redio ikaondoka. Pasi ikaondoka.
Baiskeli ya marehemu ikaondoka na pampu yake.
Shangazi akipiga simu kutoka Same
tulimwambia yupo Mererani, anachimba,
mtandao huko shida,
na uongo ule ukapata chumba, ukapata mshahara,
mwaka wa pili shangazi akauliza: harusi lini?

Nesi wa zahanati alituchorea ubongo
nyuma ya kadi ya kliniki, akatia nukta:
"Hapa ndipo panapoomba. Huu ni ugonjwa, mama."
Mama akaitazama nukta, akauliza,
"Na sisi tunaouguza, hutuomba wapi?"

Karai la maandazi liliondoka Jumatatu.
Donge limeumuka, mafuta yamo kwenye kidumu,
hakuna pa kuyamimina.
Akalikuta kwa Lyatuu wa chuma chakavu,
kati ya rejeta na miguu ya cherehani,
limeshapimwa: kilo mbili na robo.
Akanunua karai lake.
Jumatano akalinunua tena.
Wiki iliyofuata nilikwenda kumsaidia kubeba,
nikamsikia akimwambia Lyatuu, taratibu,
kama anayeagiza nyama ya Jumapili:
"Kijana wangu akilileta, usimfukuze. Mpe elfu tatu.
Hela hii hapa. Jioni nitapita kulichukua."

Njiani hatukusema kitu.
Ilikuwa Julai, Meru umejifunika mpaka mabegani,
karai kichwani mwake, limemficha macho.
Hesabu yake niliijua:
elfu tatu kwa siku ni bei ya mtoto
asiyefukuzwa kwa mawe na mwenye nguo za kamba.
Elfu tatu hiyohiyo ni bei ya kete.
Alimnunulia kwa mkono ule uliompoozea uji.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Kweli. Linakubakiza,
kesho lipate pa kuanzia.

Na mimi, miaka minne nililala na ufunguo kiunoni.
Kandambili zake nilizitambua tangu kona ya pili,
nikajua kwa mburuto wake
kama kapata au ana arosto.
Asiporudi, nilitetemeka mimi.
Nilikwaruza ukuta, nilinywa maji, nilitoka nje, nilirudi.
Nesi hakunichorea hiyo.

Sasa ana miezi saba soba hausi, ng'ambo ya Themi.
Jumapili tunampelekea maandazi.
Amenenepa shingo. Anakula moja,
anatazama mikono yetu tukiyafunika yaliyobaki,
na mikono yetu inaona aibu.
Juzi alisema, "Dada, nakumbuka kila kitu."
Nilitamani aseme amesahau.

Karai lipo kwenye msumari wake. Halijasogea.
Lakini jioni mama bado anapita kwa Lyatuu,
anasimama mbele ya lile rundo,
anageuza sufuria moja, mbili, kwa kidole cha mguu.
"Leo hakuna mzigo wako, mama Mbonea."
Anarudi. Anaketi. Anachekecha unga wa kesho
mara mbili, mara tatu, mpaka giza.

Kwenye pindo la kanga yake kuna fundo.
Sijawahi kulifungua.
Najua ni elfu tatu.