Mstari wa 214

Saa nne usiku, Chumbageni. Maziwa yamelala tangini,
nami nimelipia bando la usiku
kwa kuwa mashine yetu haimo humu ofisini:
iko winguni, tunakokodi kwa mwezi,
na mhasibu hachoki kuniuliza,
"Wingu hilo halinyeshi. Tunalilipia nini?"

Programu hii aliipandikiza Semboja.
Alichukua kiolezo cha bure,
akabofya mara tatu, duka likasimama.
Duka la viatu. Mwaka wa kwanza mzima
risiti za maziwa ziliuliza, "Saizi gani?"
Akakata, akatia viraka: mteja akawa mfugaji,
jozi ikawa lita,
kisha akapata kazi Dodoma, akaniachia nywila
kwenye kipande cha mfuko wa pumba.

Toleo jipya limebisha hodi mara tisa,
mara tisa nikaliambia kesho.
Leo limeandika kwa wino mwekundu:
la zamani halitalindwa tena.

Nikatoa nakala kwanza. Nyoka alikwishaniuma,
ung'ongo nauheshimu.
Nikabofya "Sasisha".
Asilimia sitini, ikakwama. Nikamaliza chai,
nikamaliza na kashata za mlinzi.
Kisha ukurasa ukafunguka, safi, mweupe, mgeni:
"Karibu dukani. Chagua jozi yako."

Wafugaji mia tatu na arobaini, wote wamevishwa viatu.

Nikarudi kwenye nakala, faili kwa faili,
nikiusoma mkono wa Semboja
kama asomaye barua zisizo zake.
Mstari wa 214, kaandika pembeni, mashine isipoangalia:
"Usifute. Bi Mwantumu wa Pongwe hajui kusoma.
Simu impigie, imsomee.
Ianze na jina la ng'ombe."

Sikulijua hilo. Miaka mitatu
nadhani ile simu ya alfajiri ni hitilafu;
nimeiandika kwenye orodha ya vya kung'oa.

Nikaunakili herufi kwa herufi.
Toleo jipya likagoma, mabano hayakufungika,
nikaubembeleza mstari ule mpaka adhana.
Chini yake nikaongeza wangu:
"Usifute. Maneno ya Semboja haya. Mimi nimekabidhiwa."

Saa kumi na mbili na robo simu ikaita Pongwe:
"Kidawa. Lita sita na nusu."
Najua, kwa kuwa Bi Mwantumu alinipigia papo hapo
akauliza, kwa ukali kidogo,
nani yule mwanamume anayelijua jina la ng'ombe wake.