Mkono Juu ya Boneti

Kibwana, shemeji yangu wa Korogwe,
aliyezibua nozeli za malori miaka ishirini na mitatu,
alinionya: "Usisalimie watu kwanza. Salimia boneti.
Ukiikuta ya moto, kuna neno."

Nikafika Duchess, Alberta, saa nne ya asubuhi,
theluji kavu ikilia chini ya buti
kama mchele mbichi unaotafunwa.
Verlin Wiebe akatoka kibarazani, kofia mkononi,
akachungulia nyuma yangu:
"Mumeo anakuja kuiangalia?"
Nikavua glavu.
Nikaweka kiganja juu ya bati jeupe.

Lilikuwa na joto. Joto la mkate.

Nilitafuta gari la dizeli la kuvuta tela,
tela la mbuzi kumi na wanane, kutoka mashamba ya Taber
hadi Brooks, kwa wenzangu wa kiwandani
tunaokata ng'ombe wiki nzima
na Jumamosi tunatamani supu ya kitu kingine.
Safari yote ilikuwa ya mbuzi,
nami sikutaka kuuziwa mmoja ndani ya gunia.

"Umeiwasha."
"Tangu saa kumi na mbili," akajibu, bila haya.
"Nje ni ishirini na sita chini ya sifuri. Nilikupashia kiti."

Nikautazama uso ule uliochunwa na upepo.
Mtu aweza kukuficha ubovu
na kukuonea huruma kwa ufunguo mmoja,
mwenyewe asijue lipi lilitangulia.

"Izime. Nitasubiri ipoe."

Saa nne tulikaa jikoni kwake.
Kahawa nyepesi, jibini ya njano, saa ya ukutani yenye kelele.
Kwenye friji, picha: gari hilihili limevuta nyumba ya magurudumu,
na miguu ya mwanamke, peku, imetokeza dirishani.
Sikuuliza. Hakusema.
Mara mbili nilitoka na tochi nikalala chini ya chesisi.
Kutu, ndiyo, lakini ya juujuu, haijafika mfupani.
Springi za nyuma zimechoka.
Kile kichwa cha chuma cha kufungia tela kimelika upande mmoja
kama kisigino cha mtu anayechechemea.
Kilomita laki tatu na arobaini elfu.
Niliporudi ndani alikuwa ameongeza kahawa,
na kiti changu amekisogeza karibu na jiko.

Saa nane boneti ilikuwa inanata kwenye ngozi.
Nikampigia Kibwana; kwake saa sita ya usiku.
"Washa. Niwekee simu karibu na injini."
Taa ya rangi ya chungwa ikawaka, ikazima.
Mara ya kwanza, hola.
Mara ya pili, kwikwi.
Mara ya tatu likaamka lote, na moshi mweupe ukafunika ua,
na Verlin, mikono mifukoni, midomo ikimcheza,
sijui alikuwa anaomba au anahesabu.

Kibwana alinyamaza hata nikadhani simu imekatika.
"Silinda moja inakohoa," akasema.
"Lakini inakohoa kama mtu anayekwenda kazini,
si kama anayekwenda hospitali.
Wapunguze elfu moja na mia tano.
Na muulize, nani alikuwa anamwaga oili?
Huyo alikuwa na mkono."

Nikamuuliza.
Verlin akaangalia buti zake.
"Oili? Injini yote ilikuwa ya Arlene.
Mimi nilikuwa naendesha tu."

Hakubishania bei.
Akanikabidhi funguo mbili, na ule waya wa umeme
unaoning'inia mbele ya gari kama ulimi wa ndama:
"Uchomeke kila usiku. Usisahau."

Nikaondoka na jua likizama saa kumi na nusu, kama desturi yake huku,
usukani ukiwa barafu, kiti barafu,
meno yakigongana kushinda dizeli,
na niseme kweli, maili ya kwanza yote
nikiutamani ule moto wake wa asubuhi.